Kondoo Wasiokufa wa Thanjavur

Kondoo majike 96: hiyo ndiyo iliyokuwa gharama ya taa moja isiyozimika katika hekalu kuu la Thanjavur, kusini mwa India, miaka elfu moja iliyopita. Aliyetaka taa iwake mbele ya mungu Shiva usiku na mchana hakuleta mafuta. Alitoa kondoo hao, au badala yake ng'ombe 48, au nyati 16 wa maziwa. Wanyama walikabidhiwa mchungaji, na mchungaji akaandikiwa wajibu wake kwenye jiwe: kila siku apeleke hekaluni kipimo kimoja kidogo cha samli. Kondoo akizeeka, mwanawe ameshakua. Mmoja akifa, mwingine amezaliwa. Idadi ikabaki ileile, samli ikaendelea kuja, na taa ikaendelea kuwaka hata baada ya mwenye kuitoa kuwa majivu. Maandishi ya zama hizo katika nchi ya Watamil huwaita wanyama wa namna hii kondoo wasiokufa wala kuzeeka.

Watu wa Pwani yetu hawahitaji maelezo marefu hapa. Mnazi uliowekwa wakfu kwa ajili ya taa ya msikiti hufanya kazi hiyohiyo: mti wenyewe haukatwi, nazi zake ndizo zinazotumika, na aliyeutoa yuko kaburini huku sadaka yake ingali inatembea.

Nimeanza na kondoo kwa makusudi. Wanaolisimulia hekalu hili huanza na mnara, na mnara kweli unastahili kusimuliwa. Lakini nimekaa muda mrefu na habari za jengo hili, nikazirudia tena na tena, na kila ninaporudi najikuta nimesimama palepale: mbele ya mchungaji mmoja na kipimo chake cha samli, alfajiri, akielekea hekaluni kama jana na kama kesho. Naona uzito wote wa graniti ulimwegemea yeye.

Sasa mnara. Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Chola, alikalia kiti mwaka 985. Mji wake mkuu, Thanjavur, uko kwenye delta ya mto Kaveri, nchi ya matope yenye rutuba na mashamba ya mpunga yasiyo na mwisho. Ni nchi ya udongo. Graniti haipatikani pale. Ililetwa kutoka machimbo yaliyo mbali makumi ya kilomita, ikachongwa, ikapandishwa, ikapangwa jiwe juu ya jiwe bila chokaa ya kuunganisha, kila jiwe likishikwa na uzito wa wenzake. Hekalu lilikamilika mwaka 1010. Mnara wake juu ya patakatifu ulifika takribani mita 60, na kusini mwa India hakukuwa na hekalu lililowahi kupanda namna hiyo. Siku ya 275 ya mwaka wa 25 wa utawala wake, mfalme alitoa chungu cha shaba kilichofunikwa dhahabu ili kisimame kileleni. Jina la fundi mkuu nalo limo ukutani: Kunjaramallan, aliyepewa heshima ya kubeba jina la mfalme wake, akaitwa Rajaraja Perunthachan.

Mara nyingi nimejiuliza kwa nini mtu anayeishi juu ya tope achague jiwe gumu kuliko yote. Majumba ya mfalme yalijengwa kwa vitu vinavyooza, nayo hayapo leo. Nyumba za raia zilikuwa za udongo na makuti. Mto ulifurika, ukahama, ukala kingo zake, ukarudisha ardhi mahali pengine. Katika nchi ambayo kila kitu huyeyuka msimu wa mvua, Rajaraja aliweka kitu kimoja kisichoyeyuka, kisha akakikabidhi kwa mungu wake. Yeye mwenyewe alikubali kuishi katika kile kitakachopotea. Hilo linanigusa kuliko kimo cha mnara.

Wageni huambiwa mambo mengi kuhusu jengo hili. Huambiwa kuwa kivuli cha mnara hakianguki chini, ilhali yeyote anayekaa uani hadi jioni atakiona kimelala chali kwenye sakafu. Huambiwa kuwa kuba la juu ni jiwe moja la tani 80 lililoburutwa kwenye mteremko wa kilomita kadhaa. Wataalamu wanaonyesha kuwa ni mawe kadhaa yaliyounganishwa. Siwalaumu wanaosimulia. Mtu akistaajabu hutafuta neno, na asipolipata huazima muujiza. Ila mimi naona maajabu ya kweli yako chini zaidi, karibu na mkono wa mtu.

Anayeingia huvua viatu nje. Mchana jua likiwa kali, sakafu ya mawe huunguza nyayo, na mtu hujikuta anatembea haraka bila kupenda, mpaka afike penye kivuli na mwili utulie. Hupita lango la kwanza, kisha la pili. Humkuta fahali Nandi amelala kwenye banda lake, jiwe moja kubwa jeusi linalong'aa kwa mafuta, kazi ya watawala wa Kinayaka waliokuja karne nyingi baada ya Rajaraja. Fahali hatazami wageni. Macho yake yameelekea ndani, kwenye mlango wa patakatifu, na kwa kumtazama yeye mgeni hujua aelekee wapi.

Kisha jua linaisha. Kumbi zinafuatana, kila moja na giza zaidi ya iliyotangulia, hewa ikiwa nzito kwa harufu ya mafuta, maua ya asumini na kafuri. Mwisho kabisa, ndani ya kuta mbili nene, kuna linga, nguzo ya jiwe jeusi yenye kichwa cha mviringo, ndefu kupita mtu yeyote aliyesimama, kiasi kwamba kuhani hupanda juu ili kuimiminia maji na maziwa. Haina uso. Kuhani anainua mwali wa kafuri, mwanga unapanda kwenye jiwe lililolowa, watu wanakunja mikono, na kwa muda mfupi kila mmoja anaona na kuamini kuwa ameonwa. Wahindu huja hekaluni hasa kwa ajili ya hilo. Baadaye mtu hupewa majivu matakatifu kwenye kiganja, akajipaka kipajini, akatoka.

Na juu ya chumba hicho, mnara ni mtupu. Kutoka nje unaonekana mlima: ghorofa 13 zilizojaa nguzo bandia, vijumba na sanamu, zikipungua upana kadiri zinavyopanda. Ndani hakuna ghorofa. Kuta zinasogeleana polepole kuelekea kileleni, na katikati yake kuna hewa tu, giza refu ambalo mwabudu halioni wala haambiwi. Yale mawe yote yaliyovutwa kutoka mbali yalipangwa ili kuzunguka nafasi ambayo hakuna mtu atakayekaa, hakuna ghala, hakuna kiti, hakuna ngazi ya mfalme kupanda kuutazama mji wake. Kila ninapowaza juu ya sala, ya dini yangu au ya mwingine, huja kwenye utupu huu. Maneno, mavazi, kengele, kuinama na kuinuka, vyote ni kuta. Vinasaidia kuilinda nafasi iliyo wazi isijazwe na vitu vyetu. Nafsi isiyo na kuta hujaa takataka za siku nzima, na nafsi yenye kuta tupu bila kitu cha kuzunguka ni gofu.

Lakini siwezi kukaa juu muda mrefu. Hekalu lenyewe linanirudisha chini, kwenye kitako chake, maana huko ndiko lilikoandikwa. Maandishi ya Kitamil yamezunguka msingi wa jengo, mstari juu ya mstari, yakipita kwenye nguzo na kona kama kitabu kisichofungwa. Rajaraja aliamuru vichongwe kwenye jiwe vitu alivyotoa yeye, alivyotoa dada yake mkubwa, walivyotoa wake zake, na walivyotoa watu wengine. Dada huyo, Kundavai, anatajwa mara tu baada ya mfalme, na zawadi zake zimeandikwa kwa kirefu. Mwishoni mwa karne ya 19, Eugen Hultzsch, Mjerumani aliyekuwa mtaalamu wa maandishi ya kale wa serikali ya Madras, alianza kuyachapisha na kuyafasiri. Tangu hapo yeyote mwenye subira anaweza kuyasoma.

Subira inahitajika kweli. Mtu anayetarajia mafumbo ya kiroho atakutana na hesabu. Sanamu ya shaba: kimo chake kutoka nyayo hadi nywele, idadi ya mikono, uzito wa mapambo. Kidani: lulu ngapi, za mviringo ngapi, zilizobapa ngapi. Na hapa ndipo niliposimama kwa muda, kwa sababu waandishi hawakuficha kasoro. Lulu yenye ufa imeandikwa kuwa ina ufa. Almasi yenye doa imeandikwa kuwa ina doa. Zawadi ya mfalme, iliyotolewa kwa mungu, machoni pa nchi nzima, inaorodheshwa pamoja na dosari zake, na dosari hizo zinachongwa kwenye graniti zikae milele. Nyingi ya sanamu zile hazipo tena, na vidani vimetawanyika. Kilichobaki ni ukweli kuhusu lulu ambazo hakuna aliye hai aliyewahi kuziona.

Nafikiri ile ilikuwa ibada. Karani aliyeinamia lulu ile, akaigeuza kwenye mwanga, akaona ufa, akauandika, alimheshimu mungu wake kuliko ambavyo angefanya kwa kuandika kuwa lulu zote ni safi. Yako mapenzi yanayosifu tu, na yako yanayotazama kwa makini. Haya ya pili ndiyo yanayodumu.

Kutoka kwenye lulu, maandishi yanafika kwa watu. Rajaraja aliagiza wanawake 400 waletwe kutoka mahekalu mbalimbali ya nchi ya Chola kuja kucheza na kuhudumu Thanjavur. Kila mmoja alipewa nyumba na posho ya vipimo 100 vya mpunga kwa mwaka. Na kila mmoja ameandikwa. Mtaa wa kusini, safu ya kusini, nyumba ya kwanza: jina la mwanamke, jina la hekalu alikotoka. Nyumba ya pili: jina, hekalu. Nyumba ya tatu. Hivyo hivyo, mtaa kwa mtaa, mpaka 400 waishe. Baada yao wanakuja walimu wa ngoma, wapiga matari, wapuliza zumari, wahasibu, wabeba miavuli, wawasha taa, wanyunyiza maji, wafinyanzi, madobi, vinyozi, washoni, mafundi seremala, mnajimu. Waimbaji wa nyimbo za sifa za watakatifu wa Kitamil walikuwa 48, na wapiga ngoma wawili wa kuwasindikiza. Wachungaji wa wale kondoo nao wamo kwa majina. Ikasemwa pia kwamba mtumishi akifa au akihama, ndugu wa karibu achukue nafasi na posho yake; ndugu akiwa hana ujuzi, atafutwe mwingine anayeweza.

Majengo makubwa ya dunia mara nyingi hutujulisha aliyeamuru na kumsahau aliyefagia. Hapa aliyefua nguo za hekalu amewekwa kwenye jiwe lilelile lililobeba jina la mfalme. Wakati mwingine mimi huyasoma majina hayo kwa sauti, polepole, bila kujua sawasawa yanavyotamkwa, kama mtu anayesoma hitma ya ukoo ambao si wake. Nahisi nina deni nao.

Deni hilo halinifungi macho. Maandishi yaleyale, kwa uwazi uleule wa kuhesabu nyufa za lulu, yanasema kuwa sehemu ya hazina ilitekwa baada ya kuwashinda wafalme wa Chera na Pandya. Lango la nje linaitwa Keralantakan, jina la kujivunia kuiangamiza Kerala. Vijiji vya Sri Lanka, vilivyotwaliwa na majeshi, vilipangiwa kupeleka sehemu ya mali yao hekaluni. Na wale wanawake 400 waliletwa kwa amri. Jiwe halikuandika kama yupo aliyelia siku ya kuondoka kwao. Taa iliyowaka kwa samli ya mchungaji mwaminifu iliwaka pia kwa mali ya mtu aliyepigwa mkuki. Sijapata njia ya kuyatenganisha haya mawili, na nimeacha kujaribu. Anayeingia pale kusali anaingia katika vyote viwili, na pengine sala yake inapaswa kuwa na nafasi ya kutosha kuwabeba walioporwa pamoja na waliopora.

Utukufu wa kifalme wenyewe ulipita upesi. Rajaraja alifariki mwaka 1014. Mwanawe Rajendra aliuhamisha mji mkuu, akajenga hekalu lake jingine huko Gangaikondacholapuram, na Thanjavur ikabaki na mnara bila mfalme. Ufalme wa Chola ulikoma karne ya 13. Wakaja Wapandya, wakajenga kihekalu cha mungu wa kike. Wakaja Wanayaka na fahali wao. Wakaja Wamaratha, na mwaka 1803 Serfoji wa Pili akachonga historia ndefu ya ukoo wake kwa Kimarathi kwenye kuta zilezile, lugha nyingine juu ya jiwe la Kitamil. Hakuna aliyefuta cha mwenzake.

Isipokuwa mahali pamoja, na pale napo kufuta kuligeuka kuwa kuhifadhi. Katika ujia mwembamba unaozunguka patakatifu, wachoraji wa Rajaraja walichora kuta zote. Mmojawapo wa michoro hiyo unaonyesha mshairi mtakatifu Sundarar akienda kwa Shiva juu ya tembo mweupe, na rafiki yake Cheraman juu ya farasi, wakipaa kuelekea mlima Kailasa. Karne ya 17 Wanayaka walipaka lipu mpya juu yake wakachora michoro yao. Ya zamani ikasahaulika kabisa. Mwaka 1931, S. K. Govindaswami wa Chuo Kikuu cha Annamalai aliona pale lipu ilipobanduka rangi nyingine ikichungulia chini yake. Tembo mweupe alikuwa bado anapaa. Baadaye wahifadhi wa India walijifunza kuibandua safu ya juu nzimanzima, wakaiweka pengine ikiwa salama, ili mchoro wa chini uonekane bila kuuangamiza wa juu. Ni kazi ya mikono mitulivu sana. Ningependa kuona namna hiyo ya kazi ikifanywa pia katika mambo ya imani, pale kizazi kimoja kinapogundua kuwa kimepaka lipu juu ya ukweli wa babu zao.

Juu ya ujia huo kuna ujia wa pili, nao watu wengi hawafiki. Huko Shiva anacheza. Kitabu cha kale cha sanaa ya maigizo na ngoma, Natya Shastra, kinaeleza mikao 108 ya mwili, na mafundi wa Rajaraja walianza kuichonga yote kwa mpangilio, kila mkao kwenye jiwe lake: mungu mwenye mikono minne, goti limekunjwa, kisigino kimeinuka, kiuno kimegeuka, kiganja kimefunguka. Wa kwanza, wa pili, wa kumi, wa hamsini. Walifika 81. Yanafuata mawe 27 yaliyokwisha wekwa mahali pake, tayari kwa kuchongwa, na hayana kitu.

Nimeyafikiria mawe haya 27 zaidi ya yale 81. Mfalme alimaliza mnara, alifunika chungu kwa dhahabu, alihesabu kila lulu, alimpa kila mchezaji nyumba na mpunga, na ngoma ya mungu wake ikabaki haijaisha. Katika hekalu lililokusudia kuandika kila kitu, hapa hakuna neno. Mwanzoni nilihuzunika. Sasa napumzika ninapofika kwenye mawe hayo. Yananiambia kuwa aliyeweka jiwe tupu mahali pake alifanya sehemu yake, na kwamba mungu anayecheza hakusubiri patasi ili aendelee.

Nje, uani, wanawake waliendelea kucheza, mama na binti, shangazi na mpwa, kwa karne nyingi, kama ile amri ya urithi ilivyotaka. Heshima yao iliporomoka polepole. Wafadhili waligeuka kuwa wanunuzi, na mabinti wadogo wakatolewa mahekaluni kwa maisha ambayo hawakuyachagua. Daktari Muthulakshmi Reddy alipigania jambo hilo likome, na mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu hekaluni. Ngoma yenyewe ilikuwa imeshahamia majukwaani, ikafundishwa kwa watoto wa familia ambazo zamani zisingethubutu kuigusa, na wengi wa wanawake waliokuwa wameilea wakaachwa nyuma bila kazi wala shukrani.

Mwaka 2010, hekalu lilipotimiza miaka 1000, wachezaji 1000 walikusanyika katika ua ule wakacheza pamoja mbele ya mnara. Aliyewaongoza ni Padma Subrahmanyam, mwanamke aliyeitafiti mikao ileile 108 kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Natamani majina yao yote elfu yangeandikwa mahali kwa utaratibu ule wa zamani, mtaa, safu na nyumba, pamoja na jina la mwalimu aliyemfundisha kila mmoja kuinua kisigino, na jina la mwalimu wa mwalimu huyo, mpaka tuwafikie wale wanawake walioachwa nyuma na kuwapa nao mstari wao.